Matope Niliyoyasimulia Mara Mbili

Kigali, Jumapili, 25 Februari 1990

Dada yangu mpendwa, Mwalimu Winifred, huko Ngara,

Shikamoo, tena shikamoo ya mdogo aliyechelewa. Natumaini goti lako limepoa na kwamba paa la jikoni limestahimili upepo wa Januari. Mimi mdogo wako Anselmi ni mzima wa mwili. Barua zako tatu tangu Noeli zimekaa mezani pangu bila jibu, nami sina udhuru wa ugonjwa wala wa safari. Ni uzembe wa mgane ambaye hana mtu wa kumwuliza jioni, "Umemwandikia dada yako?" Mukasine angeniuliza. Naomba radhi.

Uliniagiza nisikuandikie habari za jumla, bali siku zangu zilivyo. Basi nimenunua daftari hili. Nitaandika masika yote, kisha utaletewa lote kwa mara moja.

Leo baada ya Misa tulikutana Jamaa ya Landrova, uani kwa fundi Kubwimana, mtaa wa Gitega. Tunakutana Jumapili kwa sababu Jumamosi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na kila mtu yuko na jembe lake. Tuko watu saba wenye magari makuukuu na mapenzi yasiyo na maelezo. Mkuu wetu, tunayemwita patron, ni Silvère, mfanyabiashara wa vitenge aliyekulia Bujumbura. Yuko Béatha, muuza dawa, anayeendesha gari la marehemu baba yake vizuri kuliko alivyoliendesha baba yake. Kubwimana mwenyewe hana gari. Ndiye anayeyatibu yetu, na kazi yake kubwa hutoka kwetu. Ni mtu wa miaka arobaini asiyesema maneno kumi kwa siku. Mkewe, Kabagwira, hutuuzia chai ya tangawizi na husema yale maneno mengine yote.

Jamaa yetu ina desturi. Gari likikwama, yeyote anayepata habari huenda, wala hataji malipo. Aliyevutwa hupewa kamba iliyomvuta, akae nayo nyumbani mpaka siku atakapomvuta mwenzake. Na Jumapili inayofuata husimama mbele ya wote, ameshika ncha ya kamba, akasimulia matope yake: alikosea wapi. Watu hucheka, na wote hujifunza. Mimi nimeendesha gari la mapadri miaka thelathini, na hili walilonizawadia nilipostaafu nimeliendesha miaka sita, na kamba ile sijaipata kamwe. Nimelisema hilo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Leo Silvère amenitunukia vifungio vya magurudumu ya mbele, ambavyo mafundi huviita friwili. Ni vifuniko viwili vya duara katikati ya magurudumu. Kabla ya kuingia matopeni unashuka na kuvizungusha kwa mkono. Usipovizungusha, magurudumu ya mbele hayasaidii kitu, hata ukisukuma kile kijiti cha manjano ndani ya gari, cha kuunganisha magurudumu yote manne. Kubwimana amevifunga vizuri mno.

Jumatano ya Majivu, 28 Februari

Majivu. Mvua saa nzima.

Jumamosi, 3 Machi

Umuganda. Tumezibua mtaro. Mgongo.

Jumatatu, 12 Machi

Dada, sikulala vema.

Jana nilikuwa nampelekea shemeji yangu wa Kagarama mbegu za maharage. Ipo barabara njema ya juu. Ipo pia njia ya bondeni, ambayo Silvère alituambia haipitiki mpaka Juni. Nilishika ya bondeni. Sikuwa na haraka yoyote. Nilitaka Jumapili ijayo niweze kusema, kwa sauti ya chini na huku nikikoroga chai, kwamba nimepita.

Karibu na shamba la viazi gari lilizama. Nikasukuma chini kijiti cha manjano, kama nilivyofanya miaka thelathini, nikangoja magurudumu ya mbele yaamke. Hayakuamka. Ya nyuma yalichimba, nami nikazidisha moto, nikazidisha, mpaka ekseli ya nyuma ikakatika kwa mlio wa mfupa. Kisha kimya, na mvua.

Alipita muuza maziwa na baiskeli yake. Nilimpa kikaratasi akipeleke Gitega. Akaniambia, "Muzee, hata ng'ombe zangu hazipiti hapa," akaenda zake.

Saa tisa walifika: Silvère na gari lake, Béatha na lake, na Kubwimana amekaa nyuma na vyuma vyake. Béatha alishuka na nguo ya sherehe na mabuti ya mpira.

"Muzee Anselmi! Nimeacha wakwe mezani. Wakwe! Wali bado iko moto."

"Nisamehe, binti yangu. Nisamehe sana."

"Wacha, wakwe watakula. Friwili ulifunga?"

Ndipo nilipokumbuka. Sikushuka garini hata mara moja kabla ya kuzama. Vifuniko vile vilikuwa wazi kama Kubwimana alivyoviacha. Miaka thelathini nilikuwa na kijiti tu, na mwili wangu ulifanya uliyoyazoea. Ilikuwa kosa la kuchekesha, dada. Kwa desturi yetu lingechekwa na kusahauliwa.

Nikasema, "Nilifunga."

Kisha, walipokuwa wanafungua kamba, nilizunguka mbele kana kwamba nakagua bampa. Matope yalikuwa yamefika nusu ya gurudumu na kuganda juu ya kifuniko. Nilikishika kwa vidole nikakizungusha. Cha kulia. Halafu cha kushoto.

Silvère akaja, akainama. "Kweli, zimefungwa. Sasa kwa nini magurudumu ya mbele hayakuvuta?" Akamgeukia Kubwimana, aliyekuwa amelala kifudifudi topeni akiangalia ekseli yangu. "Fundi, kazi yako imeteleza ndani."

"Imeteleza!" akasema Béatha. "Na muzee wa watu angelala hapa na vyura!"

Kubwimana akatoka chini ya gari. Akatazama gurudumu kwa muda, akanitazama na mimi. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa vifuniko vyote viwili mpaka vikang'aa, kama fundi anayejali kazi yake. Akasema tu, "Nitaangalia, patron."

Nami nilikuwa nimesimama hapo.

Walinivuta mpaka giza lilipokaribia. Béatha alivua koti lake la mvua akanivika, akanifunga vifungo mpaka kidevuni kama mtoto. Silvère akaniwekea kamba mapajani. Nimeitundika kwenye msumari, karibu na picha ya Mukasine.

Jumapili, 18 Machi

Nilisimama na ncha ya kamba. Nikasimulia njia ya bondeni, majivuno yangu, muuza maziwa na ng'ombe zake. Walicheka sana. Nilipofika kwenye friwili nilisema, "Na zile friwili, sijui zilikuwaje." Sijui. Ndilo neno nililolichagua. Nilidhani ni dogo kuliko uongo.

Kubwimana alikuwa anapanga spana zake kwa ukubwa. Hakuinua kichwa.

Jumatatu, 19 Machi

Mvua.

Jumanne, 20 Machi

Mvua. Nimeanza barua kwa Silvère. Salamu zimejaa ukurasa mzima, kisha sikujua pa kwenda.

Jumapili, 25 Machi

Mkutano umehamishiwa uani kwa Silvère. Alieleza kwa upole: "Mtu akiharibu gari la kijana, sawa, kijana atatembea. Lakini muzee?" Kwa hiyo heshima yangu imekuwa fimbo ya kumchapa mwingine. Safari yetu ya mwisho wa masika ni Rusumo, kwenye maporomoko, na atatafutwa fundi mwingine wa kufuatana nasi. Gari langu limepelekwa gereji nyingine.

Chai ilikuwa ya chupa, imepoa.

Jumatatu, 2 Aprili

Fundi wa gereji ile alinikabidhi ufunguo. "Ekseli tumeweka. Mbele tumefungua yote. Hatuoni kosa, muzee. Huyu aliyefunga friwili ni fundi."

Nilimshukuru. Nilimwomba asijisumbue kumweleza Silvère, nitamweleza mwenyewe. Sikumweleza.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimeungama, tayari kwa Pasaka. Wewe ulinifundisha katekisimu, dada, na unajua kwamba najua kuungama. Nilisema, "Nimesema uongo mara moja." Padri ni kijana, na foleni ilikuwa ndefu. Alinipa Salamu Maria tatu. Nilizisali nikitembea na zilikwisha kabla sijafika getini.

Jumapili ya Pasaka, 15 Aprili

Kristo amefufuka. Sikwenda kwenye Jamaa.

Jumanne, 17 Aprili

Sokoni nilimwona mtu amebeba gunia la viazi kutoka kwenye lori, limemfunika kichwa na mabega. Alipolitua niliona ni Kubwimana. Mikono ile iliyonifungia vifungio bila mkwaruzo hata mmoja ilikuwa na vumbi la viazi. Nilijificha nyuma ya kibanda cha muuza nyanya, umri huu, na kofia yangu. Muuza nyanya akauliza, "Muzee, unakimbia deni?"

Nilinunua nyanya nisizozihitaji.

Jumatano, 18 Aprili

Nilikwenda Gitega na kilo mbili za sukari. Kubwimana hakuwepo. Uani hapakuwa na gari hata moja. Palikuwa na kuku aliyelala ndani ya tairi. Kabagwira alinipa kiti, maana ni mtu wa adabu, lakini sukari hakuipokea.

"Sukari yako iko tamu sana, muzee. Peleka kwa watu wenye chai."

"Mama, nasikitika kwa yaliyompata mume wako."

"Yaliyompata?" Akapiga makofi mara moja, polepole. "Yewe! Kama mvua vile? Imetoka juu, hakuna mtu ameleta?"

Nilibaki nimeshika sukari. Akafagia mpaka miguuni pangu, akangoja niinue miguu, akafagia chini yake.

Jumapili, 22 Aprili

Leo lazima niandike yote, kwa kuwa nimeona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa rahisi.

Saa nne asubuhi alikuja mtu kutoka Ndera: Béatha amekwama mashambani, nyuma ya hospitali. Mwenye kamba ndiye wa kwanza kwenda. Niliitoa kwenye msumari. Njiani nilimchukua Silvère.

Tulipotoka kwenye barabara kubwa nilisimamisha gari, nikashuka, nikazungusha vifuniko vyangu viwili. Silvère akacheka: "Sasa muzee haamini fundi yeyote, anashika mwenyewe!"

Tulimkuta Béatha amekaa juu ya boneti anakula muwa. Matope mpaka magotini. Alipotuona aliinua mikono yote miwili.

"Msiulize! Msiulize kitu! Friwili nimesahau! Mimi, Béatha, ambaye nawauliza watu wote! Nimesukuma kijiti, nimetukana gari, nimemtukana na baba yangu kaburini, masikini, halafu nikashuka nikaona, voilà, ziko wazi!"

"Ungezifunga basi utoke," akasema Silvère.

"Nimeshazama mpaka tumbo, zifunge zisifunge! Andika, patron. Mjinga wa mwaka ni Béatha."

Silvère alicheka mpaka akashika mti. Wakulima waliokuwa wanapalilia nao wakacheka bila kujua sababu. Mimi nilifunga kamba. Kosa lile lile, dada. Lilisemwa kwa kelele, na muwa mkononi, likawa limekwisha. Mimi nimelibeba wiki sita, na mtu mwingine amebeba magunia.

Nilimvuta akatoka kwa mara ya kwanza. Kamba sasa iko kwake. Alinibusu mashavu yote mawili akaniambia, "Muzee, wewe huwezi kusahau kitu kama hiki."

Ukutani msumari uko mtupu.

Jumanne, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Kubwimana jioni alipotoka sokoni. Nilivaa koti langu la kanisani. Alikuwa ananawa mikono; Kabagwira alimmwagia maji, akanitazama, akaingia ndani na kuacha mlango wazi ili asikie.

"Karibu, muzee."

"Kubwimana, nimekuja na neno ambalo lilipaswa kufika hapa tarehe kumi na moja Machi."

"Friwili," akasema.

"Unajua?"

"Mimi iko najua tangu siku ile. Natoka chini ya gari, nainua macho, naona kifuniko kina matope, na juu yake vidole vinne vimepita, bado vipya. Ng'ombe hana vidole, muzee."

"Ukapangusa."

"Nikapangusa. Béatha ana macho makali."

Nilimwuliza kwa nini. Alikausha mikono kwa kitambaa kile kile, nadhani ni kile kile, kidole kimoja kimoja.

"Muzee kuvuliwa nguo mbele ya watu, mimi sipendi kuwa pale. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa misheni, Jumapili atasema mwenyewe. Jumapili ikafika, ukasema 'sijui'. Nikasema, basi ijayo. Nimehesabu sita. Kabagwira ananiita mjinga kila siku asubuhi, na chai yangu ananipa baada ya kuniita."

"Jina lenyewe liko sawa!" ikaja sauti kutoka ndani.

Nilipiga goti, dada, kama tulivyofundishwa. Kiuno hakikunisaidia kushuka wala kupanda. Kubwimana alinishika kwapa akanisimamisha kwa nguvu, karibu kwa ukali.

"Hapana. Usinipigie magoti hapa, ambapo hakuna mtu anaona. Ulisema uongo na watu sita wanasikia. Mimi nimechoka, muzee. Leo sikusamehe. Labda siku nyingine. Nenda useme kule."

Ndiyo maneno mengi niliyopata kuyasikia kwake. Alinisindikiza mpaka njia panda, kwa sababu kulikuwa na utelezi.

Jumamosi, 28 Aprili

Umuganda. Kesho.

Jumapili, 29 Aprili

Nilimwomba Silvère jambo moja tu: mkutano uwe uani kwa Kubwimana. Alishangaa, akakubali kwa ajili ya mvi zangu. Kuku alikuwa bado ndani ya tairi.

Béatha alisimulia matope yake ya Ndera kwanza, na alisimulia vizuri kuliko nilivyoweza kuandika. Walipokuwa bado wanapangusa machozi ya kicheko, nilisimama.

"Naomba kamba."

"Muzee, zamu yako ilishapita," akasema Silvère.

"Ilipita. Sikuitumia."

Béatha akanipa ncha. Hakuna aliyewahi kusimulia matope yake mara mbili, nao walitabasamu, wakidhani ni mzaha wa mzee. Nilisema: sikufunga friwili. Béatha aliponiuliza nilidanganya. Mlipokuwa mnafungua kamba nilizunguka nikazifunga kwa mkono huu. Kazi ya Kubwimana haikuteleza; gereji nyingine imeniambia hivyo tarehe mbili Aprili, nami nikanyamaza. Yeye alijua tangu siku ile. Alipangusa alama za vidole vyangu ili nisiaibike, na nimemwacha abebe magunia.

Tabasamu lilitoka usoni mwa mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwa nimejiandaa nayo. Jamaa yetu hucheka daima, na kicheko ndicho msamaha wetu.

Béatha ndiye aliyesema. "Muzee, nilikuvika koti langu."

"Ndiyo, binti yangu."

"Nilikufunga vifungo."

"Ndiyo."

Laiti angenitukana.

Silvère alivua kofia, akaenda mpaka alipokaa Kubwimana, akamwambia mbele ya wote, "Fundi, nilikuhukumu bila kufungua gurudumu. Mimi ndiye mkuu hapa, na sikufungua gurudumu. Nisamehe." Kubwimana akasema, "Hakuna shida, patron," akaanza kumwuliza kuhusu kelele aliyoisikia kwenye gia yake alipokuwa anaingia getini.

Kabagwira alileta chai. Alianzia kwa Silvère, akazunguka wote, akanifikia mimi wa mwisho. Birika lilikuwa limebaki kidogo, na majani. Lakini alinimiminia.

Jumatano, 2 Mei

Mawingu yamepanda juu. Magari mawili uani kwa Kubwimana. Nilipita upande wa pili wa barabara; hakuniita, nami sikutarajia.

Jumapili, 6 Mei

Jamaa imekubaliana: Jumamosi ijayo Rusumo, kwa kibali cha kukosa umuganda, na Kubwimana ndiye fundi wa safari. Béatha alinisalimu kwa mkono. Zamani alinibusu mashavu.

Ijumaa, 11 Mei

Dada Winifred,

Mvua imekatika tangu wiki iliyopita na bonde lile limeanza kukauka. Nilikwenda kulitazama kwa miguu. Shimo la magurudumu yangu bado liko pale, limejaa maji, na watoto wanavua viluwiluwi.

Sitakwenda Rusumo. Nimeiomba Jamaa iruhusu gari langu liendeshwe na Kubwimana, na kiti cha pembeni akae Kabagwira, ambaye hajapata kuyaona maporomoko. Alipoambiwa alisema, "Na muzee atabaki afanye nini? Afagie?" Nilisema nitafagia. Alicheka kidogo, akageuza uso.

Jana jioni Kubwimana alikuja kulikagua gari. Alizungusha vifuniko, akafunga, akafungua. Kisha akaniita, akasema, "Muzee, weka mkono." Nikaweka. Akaniambia nifunge. Nikafunga. "Tena." Nikafungua, nikafunga. Mara tano, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na jirani anatazama juu ya ua. "Sasa mkono umejua," akasema. Sikuuliza kama huo ndio msamaha. Sina haki ya kuuliza.

Kutoka Rusumo hadi kwako si mbali, naye amekubali kuvuka mpaka akuletee daftari hili mkononi. Ni mrefu, mwembamba, ana kovu la moto kwenye kiganja cha kushoto, na atataka kusimama. Tafadhali mpe kiti. Chai yake haina sukari. Ya mkewe inayo.

Daftari nimelifunga kwa gazeti tu, bila gundi wala uzi, kwa kuwa anasoma Kiswahili vizuri na njia ni ndefu.

Mdogo wako,
Anselmi Muhire